Corvair, Falcon au Valiant? Magari matatu ya Marekani ya 1960 kwa anayeshindwa kuchagua

Oktoba 1959 viwanda vya Marekani viliingiza sokoni magari matatu mapya ndani ya mwezi mmoja: Chevrolet Corvair tarehe 2, Ford Falcon tarehe 8, na Valiant ya Chrysler mwishoni mwa mwezi. Yote yaliitwa madogo. Kwa sisi tuliozoea Beetle na Starlet udogo huo unachekesha, maana kila moja lina urefu unaozidi mita nne na nusu na viti viwili vya benchi vya kukaa watu sita. Ila kwenye barabara za Detroit za wakati ule, penye magari yaliyozidi mita tano, yalionekana mafupi kweli.

Leo Mswahili aliyeko Ohio, Texas au Ontario akianza kutafuta gari la kale la Kimarekani hukutana nayo mapema, kwa sababu yale ya milango minne kwa kawaida huuzwa chini sana ya Mustang au Impala za miaka hiyo. Anaona picha tatu, bei zinakaribiana, anabaki kajishika kidevu.

Ugumu wenyewe uko hapa: kampuni tatu ziliulizwa swali moja, na majibu hayakufanana hata kidogo. Chevrolet ilijibu kwa uhandisi, Ford kwa hesabu za gharama, Chrysler kwa mitambo mizuri iliyovishwa nguo ya ajabu. Majibu hayo bado yamo ndani ya chuma. Kitakachokufurahisha au kukutoa jasho gereji mwaka huu kiliamuliwa mezani zaidi ya miaka sitini iliyopita, kwa hiyo kabla ya kuuliza lipi ni zuri, jua lilitengenezwa na nani na alikuwa akitafuta nini.

Tunayalinganisha kwa lipi

Nimeangalia mambo matano: wazo lililozaa gari, injini na gia, tabia yake barabarani pamoja na usalama, bodi na kutu, halafu vipuri na mafundi. Kasi sikuiweka. Matoleo ya kawaida ya mwaka wa kwanza yote ni mazito kuondoka, na mpenda mbio ana matoleo yake nitakayoyataja njiani. Bei nayo nimeiacha, kwa sababu kwa magari ya umri huu hali ya gari moja moja ndiyo inayoamua bei, jina linafuata baadaye.

Rambler American na Studebaker Lark nazo zilikuwa sokoni, tena zilitangulia. Nimeziacha kwa kuwa hazikuwa mpya: Rambler ilifufuliwa mwaka 1958 kutoka gari la 1950, na Lark ilikuwa Studebaker kubwa iliyopunguzwa mbele na nyuma.

Wazo lililozaa gari

Mwaka 1958 uchumi wa Marekani ulidorora na watu wakaanza kuhesabu mafuta. Beetle ilikuwa inanunuliwa kwa wingi, na kufikia 1959 magari ya kutoka nje yalikuwa yameshika takriban sehemu moja ya kumi ya soko. George Romney wa AMC, kampuni iliyotengeneza Rambler, alizunguka nchi akiyaita magari makubwa ya washindani wake dinosaria. Vigogo watatu wa Detroit, ambao faida yao ilitoka kwenye dinosaria hao, hawakuwa na budi kushuka.

*Corvair.* Ed Cole, mkuu wa Chevrolet, alikuwa mhandisi kabla ya kuwa meneja. Mkono wake umo kwenye V8 maarufu ya Chevrolet ya 1955. Kilichomvutia ni mpangilio wa aina ya Beetle: injini nyuma, tena ya kupozwa kwa hewa. Akaukuza kwa kipimo cha Kimarekani, silinda sita zilizolala, tatu kila upande, sehemu kubwa ya injini ikiwa ya aluminiamu. Faida zake ni za kweli. Hakuna shafti inayopita katikati, hivyo sakafu iko karibu tambarare. Pua ni nyepesi, usukani unazunguka bila msaada wa pampu. Uzito umekalia magurudumu yanayosukuma, na kwenye theluji hilo si jambo dogo. Ila lilikuwa gari ghali kutengeneza, lisilochangia vifaa vingi na Chevrolet nyingine, na gharama zilipobanwa, kimojawapo kilichoachwa ni kile chuma cha mbele cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Tutakirudia.

*Falcon.* Robert McNamara hakuwa mhandisi. Alikuwa mtu wa takwimu, aliyeingia Ford baada ya Vita Kuu ya Pili pamoja na wenzake kutoka kitengo cha takwimu cha jeshi la anga. Alitaka gari la watu sita, jepesi, la bei ya chini, ambalo fundi yeyote wa kijijini angelielewa. Injini mbele, rejeta ya maji, shafti, difu nyuma. Hakuna kilichobuniwa upya kama cha zamani kilitosha. Waandishi wa magari walipiga miayo. Wanunuzi wakachukua zaidi ya Falcon 435,000 katika mwaka wa kwanza. Msomaji wa Afrika Mashariki anamfahamu bwana huyu kwa kofia nyingine: ndiye aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wakati wa Vietnam, kisha Rais wa Benki ya Dunia aliyesimama Nairobi mwaka 1973 kuzungumzia umaskini wa vijijini. Ukikaa ndani ya Falcon ya 1960 unakaa ndani ya tabia yake, kila kitu kimehesabiwa na hakuna cha mapambo kilichoponyoka.

*Valiant.* Chrysler ilikuwa kampuni inayosikiliza wahandisi wake, na hapa inaonekana. Injini mpya kabisa, giaboksi mpya ya otomatiki, alteneta wakati magari mengine ya Marekani bado yalikuwa na dainamo, na mbele vyuma vya kujisokota mahali ambapo wenzake waliweka springi za koili. Sura ilitoka kwa Virgil Exner, mbunifu aliyekuwa tayari ameijaza Marekani mapezi ya mkiani. Gari lilizinduliwa London, na mwaka wa kwanza halikuwa hata chini ya Plymouth, chapa ya bei nafuu ya Chrysler. Liliuzwa kwa jina la Valiant peke yake, Plymouth ikaongezwa 1961.

Injini na gia

| | Corvair 1960 | Falcon 1960 | Valiant 1960 |
|---|---|---|---|
| Injini | Silinda 6 zilizolala, nyuma | Silinda 6 kwa mstari, mbele | Silinda 6 kwa mstari, zimeinama, mbele |
| Ukubwa | takriban cc 2,300 | takriban cc 2,400 | takriban cc 2,800 |
| Nguvu za farasi | 80 | 90 | 101 |
| Kupoza | Hewa | Maji | Maji |
| Otomatiki | Gia 2 | Gia 2 | Gia 3 |

Nguvu hizo zilipimwa kwa utaratibu wa wakati ule, injini ikiwa imevuliwa mizigo yake mingi, kwa hiyo usizilinganishe na za gari la leo.

Nianze na Valiant, kwa sababu injini yake ndiyo iliyodumu kwa sifa. Imeinamishwa nyuzi 30 upande mmoja. Kwa kuinama hivyo boneti ikashuka, na upande wa pili ikapatikana nafasi ya mabomba marefu ya kuingiza hewa na mafuta, kila silinda ikapata mgao unaokaribiana na wa mwenzake. Injini hii iliendelea kufungwa kwenye magari na malori ya Chrysler hadi miaka ya 1980, na mafundi wengi wa Marekani wakiulizwa injini isiyokufa wataitaja hii. Haina masharti mengi. Valvu zake zinahitaji kurekebishwa kwa mkono kila baada ya muda, na ukisikia mlio wa cherehani chini ya boneti, ndizo zinazokuita. Januari 1960 Valiant zilizoongezewa nguvu hadi farasi 148 ziliingia kwenye mashindano ya magari madogo Daytona na kuchukua nafasi saba za kwanza. Baada ya hapo mashindano yenyewe yalipoteza utamu.

Ya Falcon ni injini ya kawaida, na ukawaida wake ndio sifa na kasoro yake. Bomba la kuingiza hewa halikufungwa kwa bolti. Limeyeyushwa kuwa kitu kimoja na silinda hedi. Kiwanda kiliokoa pesa, mwenye gari akapoteza nafasi ya kubadili chochote pale juu. Ile ya kwanza inachoka milimani. Kuanzia 1961 kuna ya takriban cc 2,800, itafute hiyo. Wapenda mbio wana Falcon Sprint yenye V8, iliyotoka katikati ya msimu wa 1963; Bo Ljungfeldt alimaliza wa pili kwa Sprint kwenye Monte Carlo Rally ya 1964. Mwaka huohuo ndugu yake Falcon, yaani Mercury Comet, alipelekwa kwenye Safari Rally ya Afrika Mashariki kwa mbwembwe nyingi. Matope ya huko yaliyashinda mengi ya magari hayo, na ushindi ukaenda kwa Ford Cortina ya Peter Hughes.

Corvair inadai mmiliki mwenye subira. Kwa kuwa haina maji, haina rejeta ya kuvuja wala ya kuganda. Mahali pake kuna feni iliyolala juu ya injini, inayozungushwa na mkanda mmoja ambao unatoka kwenye puli iliyosimama wima, unapinda, kisha unazunguka feni iliyo bapa. Mkanda huo ukikatika, injini haina kingine cha kuipoza na unasimama hapohapo. Mwenye Corvair huweka mkanda wa akiba na spana ndani ya buti, na buti yenyewe iko mbele. Kabureta ni mbili, moja kila upande, na zisipolingana gari linatetemeka likiwa limesimama. Oili huvuja kwenye mirija ya fimbo za valvu kwa sababu mipira ya zamani inakauka kwa joto; mipira ya kisasa ya Viton imemaliza sehemu kubwa ya tatizo. Mwaka 1962 ilikuja Monza Spyder yenye tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) na farasi 150, moja ya magari ya kwanza ya uzalishaji duniani kuwa na kifaa hicho.

Kwa upande wa gia, otomatiki ya Valiant ndiyo ya kuishi nayo kwenye barabara kuu, kwa kuwa ina gia tatu. Unaibadilisha kwa vitufe vya dashibodi hadi 1964, jambo linalofurahisha watoto. Kwenye vitufe hakuna P ya kulifungia gari likisimama, kwa hiyo kwa magari ya miaka ya mwanzo kagua handibreki kabla hujakagua redio.

Tabia barabarani na usalama

Hapa ndipo Corvair ilipopatia umaarufu wake mbaya, na anayetaka kuinunua lazima aelewe kesi yenyewe.

Nyuma, kila ekseli ya Corvair ya 1960 hadi 1963 ina kiungo kimoja, upande wa difu. Gurudumu likipanda au kushuka linainama. Zaidi ya asilimia 60 ya uzito iko nyuma. Sasa ingia kona kwa kasi, ushtuke, uachie mafuta ghafla: nyuma inainuka, gurudumu la nje linajikunja kuelekea chini ya gari, tako linataka kutangulia mbele. Wahandisi walilijua hilo. Dawa waliyoichagua baada ya kile chuma cha mbele kuachwa ilikuwa upepo wa matairi, paundi 15 mbele na 26 nyuma, tofauti kubwa kuliko aliyoizoea dereva yeyote wa Marekani. Kijana wa kituo cha mafuta aliyejaza matairi yote manne sawasawa alikuwa ameiondoa dawa hiyo bila kujua.

Novemba 1965 mwanasheria Ralph Nader alichapisha kitabu chake juu ya hatari za magari ya Marekani, na sura ya kwanza ikawa ya Corvair. General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, ilimwekea wapelelezi binafsi, mambo yakafichuka, na Machi 1966 rais wa kampuni James Roche akaomba radhi mbele ya kamati ya Seneti. Kichekesho ni kwamba kitabu kilipotoka, gari lililolaumiwa lilikuwa limeshaondolewa sokoni. Corvair ya 1964 iliongezwa springi ya kulala nyuma na kile chuma cha mbele, na ya 1965 ilipata mfumo mpya kabisa wa nyuma, wa jamii moja na wa Corvette. Mwaka 1972 idara ya serikali ya usalama barabarani ilitoa matokeo ya majaribio ambamo Corvair ya zamani ilishindanishwa na magari ya rika lake, Falcon na Valiant zikiwemo, ikaonekana haizidi wenzake kwa kumponyoka dereva.

Mimi nalichukua hivi: Corvair ya kwanza haikuwa jeneza, lakini kampuni iliyotegemea kijana wa kituo cha mafuta akumbuke paundi 15 ilimtupia dereva kazi iliyokuwa yake. Ukinunua ya 1960 hadi 1963, fuata vipimo vya upepo kama dawa ya hospitali. Ukinunua ya 1965 na kuendelea, hoja hii haikuhusu.

Kuna jingine linalosahaulika kwa kelele za Nader. Kuanzia 1961 hita ya Corvair inatumia hewa iliyopita juu ya injini yenyewe. Gasketi ya ekzosi ikivuja au oili ikimwagikia silinda, moshi huo unaingia kwa abiria. Kwenye majaribio washa hita, funga vioo, vuta pumzi.

Falcon haina mashtaka ya aina hiyo. Ukizidisha kona inasukuma pua nje, dereva anaogopa, anapunguza. Inayumba kwenye mawimbi ya barabara, na breki zake za dramu ni ndogo. Mteremko mrefu unazichosha. Australia, ambako Falcon ilianza kutengenezwa 1960, barabara mbovu zilivunja viungo vya mbele vya yale ya mwanzo hadi Ford ya huko ikaviimarisha. Mwenye ndoto ya kuipeleka Falcon ya zamani kwenye vumbi alikumbuke hilo.

Valiant inakaa barabarani vizuri kuliko bei yake ilivyodokeza. Vile vyuma vya kujisokota vinaifanya isilale sana kwenye kona, na vinaweza kurekebishwa kwa spana gari likiwa limeshuka mbele kwa uzee.

Yaliyo sawa kwa yote matatu ni haya, na hayapambwi. Kabla ya 1967 breki zina mfumo mmoja wa mafuta, bomba moja likipasuka pedali inashuka hadi sakafuni. Nguzo ya usukani ni chuma kigumu kinachomwelekea dereva kifuani, na ya Corvair inaanzia mbele zaidi kuliko inavyofaa. Mengi ya miaka ya mwanzo yalitoka kiwandani bila mikanda. Kubadilisha silinda kuu ya breki iwe ya mifumo miwili kunawezekana kwa kila moja, na ningelifanya hilo kabla ya rangi, kabla ya redio, kabla ya kumpandisha mtoto.

Bodi na kutu

Hakuna kati yao lenye chasisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo mifupa. Kutu ya sakafu basi si suala la urembo, na gari lililoishi majimbo ya Maziwa Makuu ya Marekani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, lipandishwe juu ulitazame chini. La Arizona au California lina rangi iliyopauka na viti vilivyopasuka, lakini chuma kizima. Chagua chuma.

Corvair ndiyo nzuri kwa macho, na sioni haja ya kujificha nyuma ya usawa katika hili. Mstari mmoja unaolizunguka gari kiunoni uliigwa Ulaya kwa miaka, utauona kwenye NSU Prinz 4 na Hillman Imp. Ile ya 1965 ya milango miwili, isiyo na nguzo kati ya vioo, ni miongoni mwa magari safi kabisa yaliyochorwa Marekani muongo ule. Kutu yake hujificha chini ya kioo cha mbele na cha nyuma.

Falcon ni ya kawaida na haichoshi macho. Maji huingia kupitia mfereji wa hewa ulio chini ya kioo cha mbele, yakashuka hadi miguuni. Mwaga maji pale, kisha shika zulia ndani. Angalia pia minara ya shokapu ndani ya boneti, chuma hupasuka pale.

Valiant ya 1960 hadi 1962 ama unaipenda ama unacheka. Exner alichora mikunjo na nyusi, na juu ya buti ya miaka ya mwanzo akaweka alama ya tairi ambalo halipo. Wamarekani waliifananisha na kifuniko cha choo. Walioshindwa kuvumilia wana ya 1963 na kuendelea, iliyonyooshwa na kutulia. Kutu iangaliwe hasa pale vyuma vya kujisokota vinapojishikiza chini ya sakafu.

Vipuri na mafundi

Katikati ya 1960 Chevrolet ilitoa Corvair Monza, ya milango miwili, viti vya mbele vilivyotenganishwa. Ilinunuliwa kuliko walivyotarajia. Lee Iacocca wa Ford akasoma alama hiyo: vijana wanataka gari dogo lenye mvuto. Akachukua vifaa vya Falcon, akavivisha bodi mpya, na tarehe 17 Aprili 1964 ikatoka Mustang. Chrysler ilikuwa imetangulia kwa wiki mbili na Barracuda, iliyojengwa juu ya Valiant. Hivyo Monza ilizaa wazo, Falcon ikatoa mifupa, na Mustang ikaimaliza Corvair sokoni kwa kiasi ambacho mimi naona kinazidi cha Nader.

Kwa mnunuzi wa leo historia hiyo ina maana ya pesa. Kila anayetengeneza vipuri vya Mustang ya kwanza anatengeneza, bila kukusudia, sehemu nyingi za mitambo ya Falcon: viungo vya mbele, breki za diski, vifaa vya usukani. Bodi na mapambo ya Falcon ni hadithi nyingine, lakini gari litatembea.

Corvair inashangaza. Zilitengenezwa takriban milioni 1.8 hadi Mei 1969, na waliobaki nazo ni watu wenye msimamo. Kuna chama chao cha CORSA chenye matawi katika majimbo mengi, na Clark's Corvair Parts ya Massachusetts inauza karibu kila kitu kuanzia mipira ya oili hadi vitambaa vya viti. Taabu iko kwa fundi. Wa mtaani akiinua kifuniko cha nyuma anakuuliza rejeta iko wapi, lipeleke gari kwa mwingine au ujifunze mwenyewe.

Valiant iko katikati. Vipuri vya injini na giaboksi vinapatikana bila shida kwa kuwa familia ile ilitumika miaka mingi mno. Taa, nembo na vipande vya bodi vya 1960 hadi 1962 utavisaka kwa wenzako au kwenye makaburi ya magari. Halafu kuna mtego wa Chrysler: nati za magurudumu ya upande wa kushoto zinafunguka kwa kugeuzia upande wa pili. Wengi wamekata bolti wakidhani ni kutu. Mwambie mfanyakazi wa matairi mapema.

Kwa hali yako

Ikiwa hili ni gari lako la kwanza la kale, huna gereji yenye joto, na fundi wako ni yule wa karibu na nyumbani, Falcon ya 1961 hadi 1965 yenye injini kubwa kidogo ya silinda sita itakusumbua kidogo. Usitarajie watu wakusimamishe kuiuliza.

Ikiwa unataka kuendesha kila wiki, pamoja na safari za barabara kuu kati ya miji, Valiant ya 1963 hadi 1966 yenye otomatiki ya gia tatu inakufaa. Ukipenda vituko, chukua ya Exner, lakini nunua iliyokamilika. Usinunue iliyokosa taa na mapambo ukidhani utavipata.

Ikiwa furaha yako iko kwenye kufungua na kufunga, na unapenda kuelewa kwa nini mhandisi alifanya alivyofanya, Corvair itakulipa kuliko zote. Kwa dereva wa kawaida ningesema ya 1965 na kuendelea. Ya mwanzo ni ya anayejua anachokifuata na anayepima upepo wa matairi mwenyewe.

Mwenye watoto wanaokaa nyuma atazame mwaka kwanza, jina baadaye: 1967 na kuendelea ina breki za mifumo miwili, na nguzo ya usukani inayojikunja ipo kwenye Corvair na Valiant kuanzia mwaka huo, kwenye Falcon kuanzia 1968. Corvair, Falcon na Valiant za miaka hiyo zote zipo.

Mwenye nia ya kusafirisha gari nyumbani aanze na karatasi. Kenya hairuhusu usajili wa kawaida wa gari lenye usukani kushoto, na masharti ya umri na ushuru hutofautiana nchi hadi nchi. Anayekwenda Rwanda, Burundi au Kongo hana tatizo la upande wa usukani, kwa kuwa huko huendeshwa kulia. Anayetaka usukani wa kulia aelekeze macho Australia, ambako Falcon na Valiant zote mbili zilitengenezwa hivyo na kuimarishwa kwa barabara za vumbi. Kutoka huko meli inavuka Bahari ya Hindi moja kwa moja.

Na aliyebaki na magari mawili yanayolingana kwenye orodha yake ayapandishe yote mawili juu, aende na tochi na bisibisi, agongegonge sakafu. Lililo na chuma kizima ndilo alilipie.